Udongo Uliotoka Kisiwani

Mama wa barafu nilimwona mara ya kwanza Kakuma, katika hoteli ya Mhabeshi ambako nilikuwa nikiosha sahani. Kabla ya kuingia alisimama mlangoni, akainua mguu mmoja, akatazama soli ya kiatu, akatoa kijiti mfukoni na kuchokonoa uchafu ulionasa. Kisha mguu wa pili. Uchafu wenyewe hakuutupa. Aliufunga kwenye karatasi ya shashi, akaitia karatasi mfukoni, ndipo akaingia na kuagiza chai.

Kakuma hakuna mtu anayetazama soli. Vumbi la pale liko juu yako, chini yako na ndani ya kikombe chako. Nilisimama na kitambaa mkononi nikijiuliza huyu anaogopa nini.

Mimi nilizaliwa Kanamkemer, Lodwar, na shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo sikuwa nimemaliza mwaka mzima mahali pamoja. Nilifua nguo za wafanyakazi wa misaada Lokichoggio, nikauza mitumba Kitale, nikarudi kaskazini tena bila sababu ya maana. Kiingereza nilikipata Loki, kwa kusikiliza watu wakigombana kwenye simu. Kwa hiyo mama yule alipouliza kwa Kiingereza kama kuna mtu anayelijua ziwa, ni mimi niliyejibu.

Alikuwa mzee, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanamume. Maisha yake ya kazi yote, alisema, yalipita kwenye meli zinazokwenda mwisho wa dunia, mahali bahari inapoganda. Kazi yake ilikuwa kuwashusha watalii kwenye boti za mpira na kuwatembeza nchi kavu katikati ya pengwini na sili. Sasa alikuwa amestaafu. Baadhi ya abiria wake wa zamani walikuwa wamegeuka marafiki, wazee kama yeye, na walitaka kwenda pamoja mahali pa joto kabla hawajashindwa kutembea. Walikuwa wamekuja naye hadi Kakuma, maana walikuwa wamesikia habari za kisiwa kilicho katikati ya ziwa letu, ambako mamba hutaga.

Nikamwambia mjomba wangu ana boti Kataboi.

Nilisema haraka, nikajuta palepale, maana huo haukuwa wakati wa kumpelekea mtu wako wageni. Mwaka uliotangulia mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana. Sasa 2013 ilikuwa imeanza, uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Lodwar kila mgombea aliyepanda juu ya gari alituambia tufungue macho, ardhi inaondoka. Mtu akionekana na kofia pana na ramani, watoto walimfuata wakimwuliza anatafuta nini.

Jirani ya hoteli alikuwepo fundi cherehani, Mkongo, mtu wa kanisa, mpole. Nilimweleza safari. Hakuacha kukanyaga cherehani.

“Weye dada, unajua kwetu vilianzaka namna gani? Muzungu moya alikuja kuangalia ndege. Ndege tu. Alikuwa muzuri sana, alitupatia bonbon, pipi ya watoto. Nyuma yake kukakuja watu ya udongo. Nyuma ya watu ya udongo kukakuja watu ya bunduki.”

“Na ndege?”

“Ndege zilikimbia.” Akakata uzi kwa meno. “Na miye nikakimbia.”

Nilicheka, naye akacheka, lakini niliondoka na maneno yake. Njia nzima kutoka Kakuma hadi Lodwar nilikaa nyuma ya gari nikitazama shingo za wale wazee, nikitafuta ni yupi mtu wa udongo.

Sikuhangaika sana. Mmoja, mrefu mwenye upara, alijitaja mwenyewe. Nilimwuliza kazi aliyofanya, akasema alikuwa mwalimu wa chuo, akifundisha mambo ya mawe.

Kataboi, mjomba alitupokea vizuri. Ni kaka wa mama yangu, mtu mfupi, mcheshi, ambaye ukame uliopita ulimmalizia mbuzi wote. Kilichobaki ni boti: ya mbao, ina injini, ameipaka rangi ya buluu mwenyewe. Kwa boti ile alivua, alibeba samaki wakavu, aliwavusha watu. Ukimwondolea boti, mjomba ni mzee aliyekaa kwenye mchanga.

Alinivuta kando, akanisalimu kwa Kiturkana.

“Mtoto ya dada yangu, ejok?”

“Ejok, Mjomba.”

“Hawa ni watu ya nini?”

“Wanataka kuona mamba.”

“Mamba? Watoke kwao mbali hivyo, juu ya mamba?” Akawatazama. “Kwao hakuna kitu ya kuwauma?”

Kibali cha kwenda kisiwani kilikuwa kimetolewa Lodwar, kimeandikwa kwa Kiingereza na kupigwa mhuri, lakini kwenye bichi, pale ufuoni wavuvi wanapoegesha boti, kibali hakikumtosheleza mtu. Mwenyekiti wa bichi, mzee mkavu mwenye fimbo na sauti ndogo, aliwaita wavuvi wakakaa chini ya mikoma. Alisema tangu habari ya mafuta itoke, wamekubaliana: hakuna boti ya Kataboi itakayompeleka mgeni kwenda kuchukua chochote. Je, hawa hawataokota mawe? Hawatachimba?

Mjomba akasimama. Sikutarajia aseme mengi, kwa kawaida yeye hujibu kwa mzaha. Safari hii alikwenda hadi kwenye boti yake, akaweka kiganja juu ya ubao wa mbele, akasema kwa Kiturkana, polepole, kwamba hakuna kitu kitakachotoka kisiwani ndani ya boti hii. Hata jiwe. Kikitoka, waipindue.

Kupinduliwa boti si maneno matupu. Boti ya aliyewadanganya wenzake huvutwa juu mbali na maji na kugeuzwa tumbo juu, na hakuna wa kuigusa mpaka bichi nzima ikubali. Ilikuwepo moja palepale, nyuma ya vibanda vya kukaushia samaki. Mchwa walikuwa wameshakula upande mmoja, na mwenyewe alikuwa amehamia Kerio kwa wakwe zake.

Mwenyekiti akanigeukia. “Wewe tangu utoto macho yako haitulii. Sasa utumie.”

Tuliondoka upepo ulipolala. Niliketi nyuma karibu na mjomba ili niwaone wote. Mama wa barafu alikuwa amebadilika. Kakuma alikuwa bibi mnyenyekevu, sasa alikuwa mkubwa wa jeshi. Alikagua majaketi ya kuokolea, akavuta kila kamba. Halafu akatangaza masharti, nami nikamtafsiria mjomba. Kisiwani hakuna kula. Hakuna kuketi chini wala kuchuchumaa wala kuweka mfuko ardhini. Hakuna kuokota, hata unyoya. Hakuna kumkaribia mnyama. Mnyama akikutazama, umeshakaribia mno. Na hakuna kukojoa, ndoo iko hapa kwenye boti.

“Huyu mzee atakojoa kwa ndoo,” mjomba akasema, “na ziwa yote iko hapa?”

“Ndivyo anavyosema.”

“Kwao wanaogopa mkojo kuliko mamba.”

Tulipokaribia ufuo mweusi wa kisiwa, mama akaomba injini izimwe. Akatoa beseni, akamimina maji, akatia dawa iliyogeuza maji kuwa ya waridi. Akatoa brashi, pini na mfuko mdogo wa plastiki, ule unaofungwa kwa kubanwa mdomo. Kisha akapiga magoti mbele ya wageni wake, mmoja baada ya mwingine, akawachokonoa soli, akawatoa mbegu kwenye soksi kwa pini, na kila kilichotoka akakitia mfukoni mle. Udongo ulikuwa mwekundu, wa Kitale nadhani, walikopita wakija.

“Kwa nini usitupe majini?” nikamwuliza.

“Hapana. Si hapa.”

“Utaupeleka wapi?”

“Lodwar. Nitauchoma.”

Alisema kama mtu anayesema atapika ugali. Mtu anayesafiri na uchafu wa viatu hadi Lodwar ili auchome, kwangu alikuwa ama mwendawazimu ama anaficha jambo, na mwendawazimu hakuwa.

Ilipofika zamu ya mjomba, mama akaonyesha makatambuga yake ya tairi.

“Mimi?” mjomba akaniuliza. “Mwambie mimi natoka hapa. Hii mchanga inanijua.”

Nikamwambia. Mama akatikisa kichwa, akashika brashi. Mjomba akanitazama, akautazama ule mgongo wa kizee uliokuwa umepinda mbele yake, akatoa mguu. Alicheka muda wote. Hakuwahi kuoshwa miguu na mtu tangu mama yake.

Tukashuka. Nimetembea sana, lakini niliyoyaona siku ile sijayaona pengine. Kisiwa ni majivu na mawe meusi, na ukipanda ukingo unakuta chini yako ziwa jingine dogo, la kijani, limekaa ndani ya shimo kama supu kwenye bakuli. Flamingo walikuwa pembezoni. Mamba walikuwa mchangani, wengine vinywa wazi, wametulia hata usingedhani ni viumbe. Mama alitembea mbele, mkono mmoja nyuma. Akikunja ngumi, wazee wote walisimama, hata kama mguu uko hewani. Pale chini kidogo mamba jike alikuwa juu ya kiota chake. Alijiinua miguu ya mbele. Mama akarudi nyuma hatua, nasi tukarudi, na jike akajilaza. Mmoja wa wale wazee wa kike alikuwa analia bila sauti, na sikujua kwa nini.

Mjomba alisogea karibu nami. Wavuvi wakifika kule huangalia viota kama mtu wa shamba anavyoangalia kuku.

“Yai moja tu,” akanong'ona.

“Mjomba, umeapa.”

“Mimi niliapa juu ya wao.”

“Uliapa juu ya boti.”

Akatazama kiota kwa huzuni, akaacha.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa mwalimu wa mawe. Alibaki nyuma. Mara mbili alijifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akainama, akagusa mchanga mweusi kwa vidole viwili, akausugua, akaupeleka puani. Akanusa. Mama alimwona wakati uleule nilipomwona mimi. Alimwambia neno moja kwa lugha yao, kali, na mwalimu akapangusa vidole juu ya ardhi ileile, akasimama, uso umekuwa mwekundu kama wa mwanafunzi.

Tulipopanda boti, beseni likatoka tena. Safari hii mama aliosha kwa ajili ya kuondoka, ili tusibebe kitu cha kisiwa kwenda nchi kavu. Alichokonoa soli tena, na akatia uchafu katika mfuko uleule. Niliona, na mjomba aliona. Hakuna kati yetu aliyefikiri hicho ni kitu. Uchafu wa kiatu nani huuita kitu?

Kwenye bichi walitungoja wengi kuliko waliotuaga. Mwenyekiti aliomba wageni waonyeshe walichobeba, na wageni walikubali vizuri. Wakageuza mifuko ya suruali nje: peremende, miwani, vitambaa, vidonge vya presha. Watoto walicheka. Mjomba alikuwa ameegemea boti yake mikono kifuani, ametulia.

Halafu mwenyekiti akaunyooshea fimbo mfuko uliokuwa ndani ya beseni.

“Hii?”

Nikatafsiri. Mama akauchukua, akaushika karibu na kifua.

“Amwage hapa,” mwenyekiti akasema.

Mama akatikisa kichwa. Hawezi kumwaga. Nikamwomba. Akasema tena hawezi, na nikaona kwamba hataweza, kwamba afadhali ampe mzee yule viatu vyenyewe. Mmoja wa vijana akautazama mfuko kwenye jua, akasema kwa sauti kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakiona. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, na ndani ya ule mwekundu kulikuwa na mweusi.

“Ule ni wa kisiwa.”

Nikamgeukia mjomba. Mikono ilikuwa imeshashuka kutoka kifuani.

Nilizungumza haraka. Niliwaambia ni uchafu wa soli tu. Niliwaambia mama huyu anaogopa mbegu, kwamba mbegu husafiri kwenye viatu kutoka nchi hadi nchi. Waliponitazama bila kuelewa, nikatafuta mfano, nikaupata: etirae, ule mti wa miiba ambao Wakenya wengine huuita mathenge. Nikasema, anaogopa kumwaga mbegu kama ya etirae hapa kwenu.

Hilo walilielewa mara moja. Etirae uliletwa na wageni ukasemwa utazuia mchanga na kulisha mbuzi. Ukaziba njia, ukatoboa miguu, ukaozesha meno ya mbuzi. Kila mtu pale alikuwa na kovu lake.

Mwenyekiti alifikiri. “Kwa hivyo wanajua,” akasema. “Wanajua kitu kutoka mbali inaweza kuharibu. Wakati ule wa etirae pia walikuwa wanajua?”

Nikamwuliza mama atafanya nini na udongo, nikitumaini atasema jambo la kutusaidia. Akasema atauchoma. Nikatafsiri, na palepale nikatamani ningekaa kimya.

“Anachoma mchanga yetu?” mwanamke mmoja akauliza. “Nani anachoma mchanga?”

“Mtu anachoma kitu hataki ionekane,” akajibu mwingine.

Vijana walikuwa wameanza kuizunguka boti. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Walishika mbao kama watu wanaosaidia kazi, wawili mbele, wengine ubavuni. Mmoja alianza kufungua injini ili isiumie. Mjomba hakuwazuia. Alikaa mchangani, akavua makatambuga yake yaliyooshwa, akayapanga pembeni mwake. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

“Mjomba, sema kitu.”

“Niseme nini? Nilisema hata jiwe.” Akachota mchanga kwa kiganja. “Mchanga ni jiwe ndogo.”

Boti ilisogea juu kidogo. Rangi ya buluu ikakwaruza mchanga. Hapo mjomba akainuka kwa magoti.

“Ngojeni,” akasema. “Watenganishe. Nyekundu ni yao, waende nayo. Nyeusi ni yetu, mimi nirudishe. Ikirudi yote, ni kama haikutoka.”

Wakatazamana. Mwenyekiti hakusema ndiyo, lakini aliinua fimbo na vijana wakaacha kuvuta.

Mke wa mjomba akaleta sahani nyeupe ya bati. Nilimweleza mama. Aliuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri, kisha akakaa. Alikaa chini kabisa, mchangani, miguu imenyooka mbele kama msichana, yeye aliyekuwa amekataza watu kuketi siku nzima. Akamwaga uchafu kwenye sahani, akachukua pini. Macho yake hayakuwa mazuri. Mwalimu wa mawe akaja akakaa upande wa pili, akaweka miwani mingine juu ya ile aliyokuwa nayo, akaanza naye.

Alikuwa hodari kupita kiasi. Mama akibabaika, yeye alijua. Punje hii huku, punje hii kule. Mara nyingine alisukuma punje nyeusi kwenye rundo jekundu, na mwenyekiti akigonga sahani kwa kucha kuuliza, alionyesha kwa vidole kwamba hiyo ni lami ya barabara. Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa mbele yake, hakuondoa macho kwenye vile vidole virefu.

“Anajua sana,” akaniambia kwa Kiturkana, chinichini. “Anajua sana huyu.”

Haikuwa sifa.

Jua lilikuwa limepungua ukali walipomaliza. Nyeusi yote ilienea kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Mwenyekiti alikipokea, akakifunga kwa kitambaa, akakitia ndani ya shuka lake. Mama aliomba aruhusiwe kwenda naye kisiwani kesho, akakirudishe mwenyewe. Nilitafsiri. Mwenyekiti alimjibu kwa heshima, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, hata dereva wao.

“Hapana mama. Umeshaenda.”

Dereva akawabeba kurudi Lodwar jioni ile. Mama alinikumbatia. Nilitaka kumwuliza mwalimu wa mawe alinusa nini, na sikumwuliza. Nilijua kwamba jibu lolote atakalonipa sitaliamini. Mpaka leo sijui kama walikuwa wazee waliopenda mamba au kitu kingine. Naweza kukushawishi kwa upande wowote.

Kesho yake upepo ulikawia kulala. Tulikwenda watatu, mjomba, mwenyekiti na mimi. Kisiwani mwenyekiti alishuka peke yake, akapanda hadi ukingoni, tukamwona amesimama pale dhidi ya anga. Aliinama, akakaa hivyo kitambo. Alipoteremka kitambaa kilikuwa shingoni na mikono mitupu. Mjomba hakumwuliza. Alitazama mikono ile, kisha akavuta kamba ya injini, ikakataa, akavuta tena.

Wavuvi walimrudishia mjomba nafasi yake kwenye bichi, kwa sharti moja: samaki na watu wa Kataboi tu, wageni basi. Alikubali kabla hawajamaliza kusema. Alasiri ileile aliweka nyavu ndani ya boti, nami nikamsaidia kuisukuma majini, maana keshoye nilikuwa naondoka kwenda Kakuma, na baada ya Kakuma sikujua.

Maji yalipomfika magotini alipanda, akageuka.

“Wewe utakuja tena?”

“Nitakuja, Mjomba.”

“Uje,” akasema. “Uje peke yako.”